Ukuta na Mwanagenzi: Asili ya Somo la Raketiboli katika Vyuo vya Marekani

Historia za michezo ya kisasa hupenda kumtafuta mwasisi mmoja, na historia ya raketiboli haikuepuka desturi hiyo. Masimulizi yaliyozoeleka huanza na Joseph Sobek, mfanyakazi wa kiwanda cha bidhaa za mpira katika jimbo la Connecticut, ambaye mnamo mwaka 1950 alibuni raketi fupi yenye nyuzi ili aitumie katika viwanja vya YMCA mjini Greenwich. Mchango huo haupingwi. Kinachostahili kuhojiwa ni mpangilio wa masimulizi yenyewe, ambayo humweka mwanafunzi wa chuo mwishoni, kana kwamba alirithi mchezo uliokwisha kukamilika mikononi mwa wengine. Makala haya yanadai kwamba darasa lilitangulia klabu, na kwamba umbo la mchezo huu lina alama za mahali ambapo wasiojua hufundishwa.

Uwanja wa raketiboli ni chumba chenye kuta nne, urefu wake futi 40, upana futi 20 na kimo futi 20, yaani takriban mita 12.2 kwa 6.1 kwa 6.1. Mwanzishaji huudundisha mpira sakafuni, kisha huupiga uguse ukuta wa mbele kabla ya ukuta mwingine wowote, nao hurudi na kuvuka mstari uliochorwa katikati ya chumba. Mpinzani hana budi kuurudisha kabla haujadunda mara mbili. Kuta za pembeni, ukuta wa nyuma na hata dari vimo ndani ya mchezo. Msomaji anayeijua skwashi atatambua tofauti mara moja: katika skwashi sehemu ya chini ya ukuta wa mbele ina bati ambalo mpira haupaswi kuligusa, na dari ni marufuku. Raketiboli haina vizuizi hivyo, na mpira wake hudunda kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana mwanagenzi aliyeshika raketi kwa mara ya kwanza huweza kubadilishana mipigo kadhaa na mwenzake kabla ya kipindi kwisha, jambo ambalo mwalimu wa tenisi hawezi kuliahidi.

Viwanja vya awali havikujengwa kwa ajili ya raketiboli. Vilikuwa vya mpira wa mikono wa ukutani, ambao haufai kuchanganywa na handboli ya timu inayochezwa katika shule za Afrika Mashariki. Katika mchezo huo wa ukutani mpira mdogo mgumu hupigwa kwa kiganja. Viganja huvimba, na mchezaji hudaiwa mkono wa kushoto ulio hodari sawa na wa kulia. Ni mchezo wa kuheshimiwa, lakini ni vigumu kuufundisha katika muhula mmoja.

Mwaka 1928 Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua jengo kubwa la michezo kwa ajili ya wanafunzi wake wa kawaida, si kwa timu zake mashuhuri peke yake. Miaka miwili baadaye Earl Riskey, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya michezo hiyo, aliwaona wachezaji wa tenisi wakifanya mazoezi kwa kupiga mipira yao kwenye kuta za viwanja vya mpira wa mikono. Kutokana na hayo alibuni mchezo wa vibao vya mbao. Mpira uliofaa haukuwapo. Ulipatikana kwa kuuloweka mpira wa tenisi katika petroli hadi manyoya yake yabanduke, kisha kuutoboa kwa pini ili upunguze kudunda. Huu si uvumbuzi wa maabara. Ni ufundi wa mwalimu anayetumia alicho nacho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mchezo huohuo ulitumika chuoni humo katika mazoezi ya askari, ambao kwa kawaida hawakuwa na muda wa kuwa mabingwa.

Sobek, kwa hiyo, aliingia katika njia iliyokwisha kukanyagwa. Hakuridhika na kibao, akaweka nyuzi mahali pa mbao. Na mwaka 1952 akaanzisha chama na kuchapisha kanuni, zilizochota kutoka skwashi na mpira wa mikono. Jina la raketiboli lenyewe lilishika mizizi baadaye, mwaka 1969, shirika la kimataifa lilipoundwa chini ya Robert Kendler, kiongozi wa mpira wa mikono. Inafaa kutaja kwamba baadhi ya wanaetimolojia hulirudisha neno raketi kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kiganja. Ikiwa ni kweli, basi jina limehifadhi kumbukumbu ambayo kuta zilikwisha kuisahau.

Tukio lililobadilisha darasa halikutoka kiwanjani bali bungeni. Sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 1972, katika sehemu yake ya tisa, ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Kanuni za utekelezaji zilianza kutumika Julai 1975, na vyuo vilipewa miaka mitatu kurekebisha mafunzo ya elimu ya viungo. Hadi wakati huo vyuo vingi vilikuwa na idara mbili, ya wanaume na ya wanawake, kila moja na walimu wake na ukumbi wake. Kanuni ziliruhusu kuwatenganisha wanafunzi katika michezo ya kugusana miili, kama vile mieleka, ndondi na mpira wa kikapu, na ziliruhusu kuwapanga kwa uwezo. Raketiboli haikuwa na kisingizio chochote cha utengano. Wanne wangeweza kuingia chumba kimoja bila mmoja kumshika mwenzake, na ukuta haukupendelea misuli ya yeyote. Hivyo somo la wanagenzi likawa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo sheria ilionekana kwa macho.

Ndani ya somo, kosa la mwanagenzi ni lilelile vizazi vyote: huukimbilia mpira. Anauona ukipita, anaufuata hadi ukuta wa nyuma, na kufikia hapo mpira umekwisha kuruka kutoka ukutani na kumpita tena. Mwalimu humfundisha kusimama katikati, kugeuka ubavu, na kuungoja mpira urudi wenyewe. Upimaji nao ulifuata mantiki hiyo. Mwaka 1979 Hensley, East na Stillwell walichapisha jaribio la ustadi ambamo mwanafunzi wa chuo huupiga mpira ukutani kwa sekunde 30, kwanza akiwa karibu, kisha akiwa mbali zaidi, na mipigo yake huhesabiwa. Hakuna mpinzani. Mwanafunzi hushindana na ukuta, na alama yake haimpunguzii mwingine kitu.

Vilabu vya biashara vilivyochipuka miaka ya 1970 vilipungukiwa na wateja katika muongo uliofuata, na vyuo vingi viliondoa au kupunguza sharti la elimu ya viungo. Viwanja kadhaa vimegeuzwa vyumba vya vyuma vya mazoezi au kuta za kupandia. Hasara hapa si ya majengo tu. Matokeo ya mashindano yamehifadhiwa na mashirika, na majina ya mabingwa yanajulikana. Lakini waliojifunza kwa muhula mmoja, wakapata alama zao na kwenda zao, hawana kumbukumbu inayotunzwa, ilhali wao ndio waliokuwa wengi. Mtafiti anayetaka kuandika habari zao hana budi kuanza na mihtasari ya masomo, ratiba za kumbi na vitabu vya kiada vya walimu, hati ambazo maktaba za vyuo huzitupa mapema kuliko nyingine zote.