Diski moja, tarakilishi ishirini: Leseni yasemaje?

MTU anunuapo mfumo endeshi wa Windows, huwa hajanunua programu yenyewe. Anachonunua ni ruhusa ya kuitumia, nayo ruhusa hiyo ina mipaka iliyoandikwa katika mkataba mrefu ambao wengi huukubali kwa kubofya tu, bila kusoma hata mstari mmoja. Tofauti hiyo ndiyo huwaponza wenye saiba, wakuu wa shule na wafanyabiashara wadogo, wanaodhani kwamba kwa kuwa diski ni yao, wana uhuru wa kuitumia katika kila mashine iliyo chumbani.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huziweka programu za tarakilishi katika kundi la kazi za fasihi, sawa na riwaya na diwani za mashairi. Mwenye nakala halali ameruhusiwa kujitengenezea nakala ya akiba, asije akapata hasara ya kwanza ikiharibika. Lakini nakala ya akiba ni ya kuhifadhiwa. Ikishaanza kuendesha mashine ya pili huwa si akiba tena. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, iliyoundwa chini ya sheria hiyo, ina wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia katika majengo ya biashara na kukagua.

Leseni zilizoenea zaidi ni zile ambazo huja na tarakilishi mpya kutoka kiwandani. Bei yake ni nafuu, na sababu ya unafuu huo ni kwamba leseni imefungamanishwa na mashine ya kwanza iliyowekewa. Tarakilishi ikiuzwa, leseni huenda nayo; ikifa, leseni huzikwa nayo. Hata suala la ukarabati lina kanuni yake. Fundi anaweza kubadilisha diski kuu, kumbukumbu au kiwambo bila tatizo. Lakini akiuondoa ubao mkuu na kuweka ulio bora zaidi, Microsoft huihesabu mashine hiyo kuwa mpya, inayohitaji leseni mpya, isipokuwa kama ubao wa awali ulikuwa na kasoro.

Leseni inayouzwa peke yake dukani ni ghali zaidi, ila ina uhuru mmoja muhimu: mwenyewe aweza kuihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine, mradi aifute kwanza kule ilikotoka. Kwa wakati wowote ule, mashine ni moja tu. Hata tarakilishi ya kuigiza, yaani ile inayoundwa kwa programu ndani ya tarakilishi nyingine, huhesabiwa. Kampuni hiyo iliwahi kulegeza kamba mwaka 2009 ilipouza kifurushi cha Windows 7 kwa familia, kilichoruhusu mashine tatu za nyumba moja. Huo ulikuwa upekee, wala haukuzihusu ofisi.

Zipo pia leseni za jumla kwa taasisi zenye mashine nyingi, na hapa ndipo penye mtego ambao wauzaji wengi hawausemi. Kwa kawaida leseni ya jumla ya Windows ya mezani ni ya kupandisha daraja tu. Shule ikinunua tarakilishi 30 zisizo na mfumo wowote, kisha ikanunua leseni 30 za jumla, bado haijakamilisha hesabu, kwa kuwa kila mashine ilitakiwa iwe na leseni yake ya msingi kabla ya kupandishwa. Mkuu wa shule anayevutwa na bei ya chini ya mashine tupu na aulize jambo hili kabla ya kutia saini hundi.

Tangu Windows XP ilipotoka mwaka 2001, mfumo huu hutakiwa kuamilishwa, yaani kuthibitishwa na kampuni kwa kulinganisha nambari yenye herufi na tarakimu 25 na vifaa vilivyomo katika mashine. Wengi huchukulia kuwa mfumo ukishakubali, basi ni halali. Sivyo. Mojawapo ya njia za kuamilisha mashine za taasisi hutumia seva ya ndani, ambayo huanza kazi mashine zikifika 25, na uthibitisho wake hudumu siku 180 kabla ya kuhuishwa tena. Wahalifu huiiga seva hiyo kwa programu ndogo, na mashine ikadanganyika. Kwenye kioo itaandikwa kwamba imeamilishwa, ilhali mwenyewe hana leseni wala risiti.

Wenye saiba wana mzigo wa ziada. Masharti ya kawaida ya Windows hukataza kuikodisha, na kumtoza mteja kwa dakika anazokaa mbele ya mashine ni kukodisha. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na leseni halali katika kila tarakilishi na bado akawa amevunja mkataba. Mnamo 2010 Microsoft ilianzisha leseni ya nyongeza ya haki ya kukodisha kwa ajili ya biashara za aina hiyo. Hata hivyo, haikuondoa haja ya leseni ya msingi.

Mbinu nyingine iliyopendwa na shule ni kuunganisha viwambo na kibodi kadhaa kwenye tarakilishi moja, ili wanafunzi kumi waitumie kwa pamoja. Umeme huokolewa, na vifaa ni rahisi. Lakini masharti ya Windows ya mezani huruhusu vifaa vingine hadi 20 kuifikia mashine kwa ajili ya faili, printa na intaneti tu, si kila mtu kufungua ukurasa wake na kufanya kazi humo kwa wakati mmoja. Kwa matumizi hayo huhitajika toleo la seva pamoja na leseni ya kila anayeingia.

Asiyetaka hesabu hizi zote anayo Linux, ambayo kiini chake hutolewa chini ya leseni ya GNU. Leseni hiyo haina idadi: nakala moja ya Ubuntu, mfumo uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004, yaweza kuwekwa katika mashine mia bila kumkosea mtu. Hata hivyo, si kila Linux hutolewa bure. Kampuni kama Red Hat hutoza ada ya huduma, na mteja hulipia kulingana na mashine alizo nazo.

Tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama, na ofisi nyingi zinafikiria kubadilisha mashine. Tarakilishi yenye leseni halali na vifaa vinavyofaa hupanda hadi Windows 11 bila malipo. Isiyofaa haiwezi kuirithisha mashine mpya leseni yake, ikiwa leseni hiyo ilikuja nayo kutoka kiwandani.