Bazari ya Hisani ya Vienna

Bazari ya Kimataifa ya Hisani ya Vienna ni tamasha la vyakula na kazi za mikono linaloandaliwa na Chama cha Wanawake cha Umoja wa Mataifa katika mji mkuu wa Austria. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1967, na lengo lake ni kuwasaidia watoto wenye shida popote duniani. Kwa kawaida bazari hufanyika kuelekea Krismasi.

Vienna ina mizizi mirefu ya kupokea mataifa. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lipo huko tangu 1957, na mwaka 1979 lilifunguliwa jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa karibu na mto Danube, ambalo Austria inalikodisha kwa pango dogo la ishara tu. Familia za wanadiplomasia na watumishi wa mashirika hayo ndizo zinazoipa bazari uhai.

Kila nchi inayoshiriki huwa na meza yake. Hapo mgeni huonja mapishi ya nchi hiyo, hununua vikapu, vitambaa au mapambo, na jukwaani hutazama ngoma na nyimbo. Wapishi na wauzaji wengi ni watu wa kujitolea, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote hapa, kwani jasho lao ndilo linaloifanya sahani ya chakula igeuke mchango. Mapato huelekezwa kwenye miradi ya watoto katika nchi mbalimbali, ikiwemo ya elimu na afya.