Kabla fundi afungue stata, muulize amepima nini

Juzi Keroka nilikuta Probox imegoma, fundi ashatoa stata. Akafunga nyingine. Bado kimya! Shida ilikuwa waya mmoja mwembamba tu, na mwenye gari ashalipa. Wasee, historia kidogo ingeokoa hiyo pesa.

Kitambo gari iliwashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma pale mbele. Ukirudi nyuma ghafla, unakuvunja mkono. Charles Kettering akaunda stata ya umeme, na Cadillac za 1912 zikaja nayo. Mwaka 1949, Chrysler wakaleta ya kuwashwa kwa kugeuza ufunguo.

Hapo kazi imegawanywa. Ufunguo hutuma umeme kidogo kwa waya mwembamba. Huo huamsha swichi kubwa iliyo kwa stata, nayo hupitisha umeme mwingi wa betri kwa waya mnene.

Kwa hivyo, taa zikififia na usikie tak-tak-tak, anza na betri na vichwa vyake. Taa ziko sawa lakini kimya? Weka taa ya kupimia kwa ule waya mwembamba, mwenzako ageuze ufunguo. Isipowaka, usilaumu stata bado. Angalia fyuzi, swichi ya ufunguo, na kwa otomatiki, swichi ya gia. Ikiwaka, kagua waya mnene, ndio sasa ufungue stata.

Wazee wetu walisukuma gari kwa mteremko, wakaachilia klachi, ikawaka. Kwa otomatiki, hata milima yote ya Kisii na Nyamira haitakusaidia. Kupima kwanza ndiyo mteremko wetu.