Wanandoa wastaafu katika utumishi wa kujitolea: Ngara na Biharamulo

Wanandoa wastaafu wa kujitolea ni mume na mke ambao, baada ya kumaliza miaka ya ajira, huhamia nchi nyingine kwa muda kufanya kazi ya kanisa au ya misaada bila mshahara. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, utumishi huu umefuata njia iliyofunguliwa na wamisionari. Miongoni mwa wenyeji wake wakuu ni Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, yenye makao Murgwanza, na Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara.

Historia

Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers, na mzigo wa umisioni wa Kianglikana katika eneo lake ukabebwa na tawi la Australia la shirika la umisioni la CMS. Dayosisi hiyo kubwa ilienea hadi mipaka ya magharibi. Wamisionari wengi walitumwa wakiwa mume na mke: mmoja mchungaji, mwalimu au daktari, mwenzake muuguzi au mwalimu wa kina mama. Kazi ya wake hao ilikuwa nzito sawa na ya waume, ingawa taarifa za zamani huwataja kwa ufupi.

Alfred Stanway, aliyeanza umisioni Kenya mwaka 1937, aliongoza dayosisi hiyo kuanzia 1951 hadi 1971, akiwa na mkewe Marjory. Katika kipindi chake, mwaka 1955, Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kupata uaskofu wa Kianglikana Tanganyika. Mwaka 1963 ilizaliwa Dayosisi ya Victoria Nyanza chini ya Maxwell Wiggins kutoka New Zealand, na mwaka 1985 ikafuata Dayosisi ya Kagera. Uongozi ulipopita mikononi mwa Watanzania, mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa kwa wageni waliokuja baadaye: walikaribishwa na askofu Mtanzania, wakapangiwa kazi naye, na kuwajibika kwake.

Stanway na Marjory wenyewe hawakupumzika. Baada ya kurudi Australia, Stanway akiwa amepita umri wa miaka 65, walikwenda Pennsylvania, Marekani, kuanzisha chuo cha theolojia kilichofunguliwa mwaka 1976.

Wakimbizi

Ngara ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na makazi ya Muyenzi yalianzishwa kwa ajili yao. Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzisha TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi nchini. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la mpakani la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco, wilayani Ngara, iliyowapokea, ikawa kwa wakati huo kubwa kuliko zote duniani. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianzishwa Ngara na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, huku kambi ya Lukole ikiendelea kuwahifadhi wakimbizi wa Burundi.

Kazi ya dharura ilihitaji mafundi wa maji, wauguzi na madereva wa kupelekwa kwa wiki au miezi michache. Mchango bora wa wastaafu uko kwingine: hospitali za Murgwanza na Rulenge, vyuo na ofisi za dayosisi, ambako kazi huendelea baada ya kamera kuondoka.

Namna ya utumishi

Wanandoa hawa hujigharamia kwa pensheni, akiba na michango ya parokia au usharika wao wa nyumbani. Ujuzi wao ni wa maisha mazima: uhasibu, ukunga, useremala, ufundi wa vifaa, ualimu. Anayemfundisha mhasibu kijana kufunga hesabu za mwaka huacha faida ya kudumu kuliko anayezifunga mwenyewe. Ndoa yenyewe ni msaada, kwa kuwa ugeni na ugonjwa hubebwa na wawili. Umri una gharama zake pia: dawa za kila siku, bima, na umbali wa hospitali za rufaa.

Kisheria, wamisionari na watu wa kujitolea huombewa na taasisi mwenyeji kibali cha ukaazi cha daraja C.

Wastaafu wenyeji

Walimu na wauguzi wastaafu wa Kitanzania hutumika pia bila malipo kama wazee wa kanisa, makatekista na viongozi wa vikundi vya kina mama.

Hali ya sasa

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo. Hospitali ya Murgwanza, mali ya Dayosisi ya Kagera, imetumika kama hospitali teule ya wilaya. Wageni wa kujitolea hufika kwa mwaliko wa taasisi za namna hiyo, na uongozi wake umo mikononi mwa Watanzania.