Kabla ya Kufunga Begi la Kilombero

Anayepanga safari ya Bonde la Kilombero huanza na maswali ya kawaida: niende lini, nipite wapi, nibebe nini, nani anitembeze. Ni maswali madogo, lakini katika bonde hili kila moja lina historia, na majibu tunayoyapata leo kwa urahisi yaligharimu watu wengine.

Tuanze na lini. Mito ya Ruhudji, Mnyera, Mpanga na Kihansi hushuka kutoka nyanda za juu, ikakutana tambarare na kuwa Mto Kilombero. Masika yanapokolea, mto hupoteza kingo zake na mbuga hugeuka ziwa. Ndiyo maana mgeni hushauriwa aje kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Wandamba waliishi kwa kalenda hiyo kabla bonde halijachorwa kwenye ramani ya mtu yeyote: maji yakipanda ni mtumbwi na mgono wa samaki, yakishuka ni jembe na mpunga. Mwaka 1929 Alexander Telford aliiandikia serikali ya kikoloni ya Waingereza ripoti kuhusu kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Tangu hapo bonde halijakosa mtu wa kulipangia, na mara nyingi mpangaji huyaona mafuriko kama tatizo. Mkulima wa mpunga anajua kuwa mafuriko hayohayo ndiyo yanayomletea rutuba.

Nipite wapi? Njia yenye hadithi ndefu zaidi ni treni ya TAZARA, inayosimama Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita kwenye nchi zilizotawaliwa na walowezi. Baada ya Mlimba inapanda kuelekea Makambako kwa mahandaki na madaraja, sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko nyingine zote. Ilijengwa kwa ajili ya ukombozi, lakini watu wa bonde waliifanya kuwa yao: wakapakia mpunga, ndizi na kuku, wakafungua masoko kando ya stesheni.

Ukitaka kufika Mahenge, lazima uvuke mto. Kwa miaka mingi waliovuka walitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko kilizama kikiwa na abiria na magari. Wapo ambao hawakufika ng'ambo. Daraja lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa mwaka 2018, na leo gari hupita juu yake kabla abiria hajamaliza kupiga picha. Piga picha, ila fahamu kwamba unachokiona kama mandhari kilikuwa mpaka kati ya mama mjamzito na hospitali.

Nibebe nini? Chandarua, kwanza kabisa. Hapa historia inakutana na milima ya Alps kwa namna isiyotarajiwa. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walifanya kazi katika bonde hili, na mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyokuwa Basel alianzisha maabara Ifakara. Yeye alichunguza papasi na homa wanayoieneza. Maabara hiyo ilikua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, inayoongozwa na Watanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi uliofanyika Kilombero na Ulanga ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa vinaokoa maisha ya watoto. Kutoka hapo taifa likapata ushahidi wa kuanzisha Hati Punguzo kwa wajawazito. Chandarua kama utakachokikunja begini kilipimwa pia kwenye vitanda vya watu wa bonde hili.

Nani anitembeze? Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170. Kima wa Sanje aliingia kwenye vitabu vya sayansi baada ya kutambuliwa mwaka 1979. Wawindaji wa vijiji vya hapo hawakuhitaji kusubiri mwaka huo. Kule mbugani, eneo oevu lilipoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, ilikadiriwa kuwa takriban robo tatu ya sheshe wote duniani waliishi hapa. Wamepungua mno. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo, na mwaka 2023 Kilombero ikatangazwa pori la akiba. Sheshe wanahitaji nyasi, na mfugaji na mkulima wanahitaji mahali pa kuishi. Haki zote mbili ni za kweli, na hakuna aliyewahi kuzipatanisha kwa kuchora mstari kwenye ramani.

Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka bonde hili, na maji hayo ndiyo yanayoingia katika bwawa la Julius Nyerere. Kwa hiyo hata asiyesafiri ana uhusiano na Kilombero kila anapowasha taa. Anayesafiri ana nafasi ya ziada: kumlipa mwenye mtumbwi bei ya haki, kula wali wa hapohapo, na kumuuliza mwenyeji swali ambalo ripoti nyingi zililiruka. Wewe ungelipangaje bonde hili?