Upandishaji vyeo vya wanataaluma katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki

Upandishaji vyeo vya wanataaluma ni utaratibu ambao chuo kikuu hutumia kupima ufundishaji, utafiti na utumishi wa walimu wake, kisha kuwapandisha kutoka ngazi moja hadi nyingine mpaka uprofesa. Utaratibu huu ni sehemu ya utawala wa chuo, kwa sababu anayepanga vigezo vya cheo ndiye anayeamua chuo kithamini kazi gani na kipuuze ipi. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda vigezo hivyo vimepita mikono mitatu tangu vyuo vya kitaifa vilipoanzishwa mwaka 1970: mkono wa wanataaluma wenyewe, mkono wa dola, na mkono wa tume za kusimamia elimu ya juu.

Vyombo vya maamuzi

Vyuo vikuu vingi vya eneo hili vilirithi muundo wa Uingereza, wenye vyombo viwili vikuu. Baraza la Chuo ndilo mwajiri: hushika mali, bajeti na mikataba ya watumishi, na wajumbe wake wengi hutoka nje ya chuo. Seneti hushughulikia taaluma, yaani mitaala, mitihani, shahada na viwango. Chini ya Seneti kuna bodi za vitivo, skuli au ndaki, na chini yake idara, ambako mwanataaluma hufanya kazi yake ya kila siku.

Upandishaji vyeo umekaa kwenye mpaka wa vyombo hivyo viwili. Kupima iwapo kitabu au makala ni mchango wa kweli katika fani ni kazi ya wanataaluma. Kuidhinisha cheo na mshahara unaokwenda nacho ni kazi ya mwajiri. Ndiyo maana katika vyuo vingi maombi hupitia kamati yenye sura zote mbili, na uamuzi wa mwisho kwa ngazi za uprofesa huwa wa Baraza au kamati yake.

Ngazi na safari ya jalada

Nchini Tanzania ngazi za kawaida ni mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Kenya na Uganda zina ngazi zinazokaribiana na hizo. Katika vyuo vya Kongo, kikiwemo cha Lubumbashi kilichoanzishwa mwaka 1955, ngazi zinafuata mfumo wa Ubelgiji: msaidizi, mkuu wa kazi, profesa mshiriki, profesa, na juu kabisa profesa kamili.

Jalada la mwombaji huanzia idarani. Ndani yake kuna wasifu, nakala za machapisho, orodha ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu aliowasimamia hadi wakahitimu, tathmini za ufundishaji, na ushahidi wa ruzuku za utafiti au huduma kwa jamii. Idara hujadili na kupendekeza, kitivo kikathibitisha. Kwa ngazi za juu, machapisho hutumwa kwa watathmini wa nje, kwa kawaida maprofesa wa fani hiyohiyo kutoka vyuo vingine, ambao majina yao hufichwa kwa mwombaji. Ripoti zao zikirudi, jalada hupanda hadi kamati ya chuo.

Hatua ya watathmini wa nje ndiyo nguzo ya utaratibu mzima. Humlinda mwombaji mwenye uhasama na mkuu wake wa idara, na humzuia mwenye marafiki wengi kupata cheo asichostahili. Hapohapo ndipo majalada mengi hukwama. Mtathmini hujitolea au hulipwa kidogo, ana majukumu yake, na chuo kisipoweka tarehe ya mwisho ripoti inaweza kuchelewa sana. Kuchelewa huko kuna gharama halisi: mwanataaluma hukosa nyongeza ya mshahara, pensheni yake hukokotolewa kwa mshahara wa chini, na idara hukosa mtu mwenye sifa za kusimamia wanafunzi wa uzamivu.

Kutoka chuo kimoja hadi vitatu

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London, kama Makerere ilivyokuwa tangu 1949. Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa sehemu za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo hicho kilipovunjwa, kila nchi ikawa na chuo kikuu chake na sheria yake, na mkuu wa nchi akawa ndiye Mkuu wa Chuo.

Dola ilidai chuo kitumikie taifa, na dai hilo lilikuwa na uzito wake katika nchi changa zilizokuwa na wahitimu wachache. Lakini lilikuja na mkono mzito. Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Pius Msekwa, alitoka kwenye uongozi wa chama tawala, TANU. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni kwa nguvu baada ya kuukosoa uongozi, na mgogoro uliofuata uliwaunganisha wanafunzi na baadhi ya walimu katika kudai ushiriki kwenye vyombo vya chuo. Nchini Uganda hali ilikuwa ya kutisha zaidi: Makamu Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alitoweka Oktoba 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin. Nchini Kenya, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1977, na alipoachiwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mazingira kama hayo yalionyesha kwamba cheo cha mwanataaluma kina thamani ndogo pale ambapo kinaweza kufutwa kwa uamuzi wa nje ya chuo.

Marais waliachia ukuu wa vyuo polepole. Tanzania ilimpata Mkuu wa Chuo asiye rais, Paul Bomani, mwaka 1993. Mwaka 2003 Joe Wanjui alishika nafasi hiyo Nairobi, na Apolo Nsibambi akaishika Makerere. Mvutano haukuisha kwa hilo. Januari 2020 Waziri wa Elimu wa Kenya, George Magoha, alitengua uteuzi wa Stephen Kiama kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, uteuzi uliokuwa umefanywa na Baraza, na suala hilo likaishia mahakamani.

Sauti ya wanataaluma

Wanataaluma walijibu kwa kujiunga pamoja. Nchini Kenya chama cha wahadhiri kilipigwa marufuku mwaka 1980, na UASU, chama cha sasa, kilipata usajili mwaka 2003. Tanzania ina jumuiya kama UDASA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chama cha wafanyakazi cha THTU. Makerere ina MUASA.

Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa Tanzania zilitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Novemba ya mwaka huohuo likafuata Azimio la Kampala, lililowakusanya wasomi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Maazimio yote mawili yaliweka uhuru na wajibu pamoja: mwalimu wa chuo anastahili ulinzi, na kwa ulinzi huo anadaiwa utumishi na wananchi waliomsomesha. Mwaka 1997 UNESCO ilipitisha pendekezo kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, linalosema kwamba walimu hao wawe na haki ya kuchagua wengi wa wawakilishi katika vyombo vya kitaaluma vya chuo.

Hali halisi imeelekea kwingine. Katika vyuo kadhaa, maamidi, yaani wakuu wa vitivo, waliokuwa wakichaguliwa kwa kura za wenzao sasa hupatikana kwa usaili au kwa kamati za utafutaji. Nairobi, ambako mwandishi Mĩcere Gĩthae Mũgo alichaguliwa kuwa amidi kabla ya kulazimika kuondoka nchini mwaka 1982, ilifuta ndaki zake mwaka 2021 na kuweka vitivo vichache chini ya maamidi wenye mamlaka ya kiutendaji. Wanaotetea mfumo huo husema huleta uwajibikaji na kupunguza makundi ya kampeni. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi, lakini amidi anayetegemea uteuzi kutoka juu hana nguvu ileile ya kupinga uamuzi wa juu jalada la mwenzake linapokataliwa bila sababu.

Vigezo vya pamoja

Badiliko kubwa zaidi la karne hii ni kuhamia kwa vigezo kutoka chuo kimoja kimoja kwenda kwenye chombo cha taifa. Uganda ilianzisha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwa sheria ya 2001. Tanzania ilianzisha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa sheria ya 2005. Kenya ilianzisha Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kwa sheria ya 2012.

Mfano wa Kenya ndio ulio wazi zaidi. Mwaka 2014 CUE ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo, vinavyohesabu machapisho kwa alama. Mhadhiri anayeomba uandamizi anahitaji alama 32 alizozipata akiwa mhadhiri, angalau 24 zikitoka kwenye makala za majarida yanayopitiwa na wataalamu. Kutoka mwandamizi hadi profesa mshiriki zinahitajika alama 48, na 32 kati yake ziwe za majarida. Kutoka profesa mshiriki hadi profesa ni alama 60, na 40 ziwe za majarida. Kwa jumla, safari kutoka mhadhiri hadi profesa ni alama 140, na 96 lazima zitoke majaridani. Alama za ngazi moja hazibebwi kwenda ngazi inayofuata. Zaidi ya hizo kuna masharti ya miaka ya kufundisha, ya wanafunzi waliosimamiwa hadi kuhitimu, na ya fedha za utafiti.

Vigezo hivyo vilifanya shahada ya uzamivu kuwa sharti la kawaida la uhadhiri, na waliokuwa na uzamili pekee walipewa muda wa kuipata. UASU ilipinga, ikisema masharti ya kazi hayawezi kubadilishwa bila makubaliano na wafanyakazi. Wasiwasi kuhusu ubora nao ukajitokeza. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, na CUE ikaanzisha uchunguzi kuhusu namna zilivyopatikana.

Tanzania nayo iliweka muundo wa pamoja wa utumishi kwa wanataaluma wa vyuo vya umma. Unaanza kuchuja mapema: mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na wastani wa 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na mhadhiri msaidizi aongeze wastani wa 4.0 katika uzamili. Kwa kuwa vyuo hivyo viko ndani ya utumishi wa umma, cheo kinategemea pia ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na fedha za serikali. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo katika utumishi wa umma ili kuwaondoa watumishi hewa. Hali kama hiyo inaonyesha kwamba mwanataaluma anaweza kuwa na sifa zote, akapitishwa na wenzake, na bado akasubiri.

Kazi zisizoingia kwenye jedwali

Alama zina faida isiyopaswa kubezwa. Zinampa mwalimu kijana, hasa asiye na mlezi kwenye kamati, kipimo anachoweza kukisoma mwenyewe kabla ya kuomba. Zinapunguza nafasi ya chuki binafsi, ukabila na ubaguzi wa kijinsia kujificha nyuma ya maneno kama “hajakomaa”.

Udhaifu wake huonekana kwenye kazi ambazo chuo na jamii vinazihitaji zaidi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliandaliwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jina lililo kwenye jalada lake ni la taasisi. Kazi ya namna hiyo inahitaji watafiti wengi na miaka mingi, na ikikamilika hutumiwa na kila shule, gazeti na mahakama. Mfumo unaogawa alama kwa mwandishi anayetajwa jina, na unaotanguliza makala za majarida, unamshauri mtafiti huyo aachane na kamusi aandike makala fupi. Hali ni hiyohiyo kwa mhandisi aliyebuni pampu ya kijiji, daktari aliyeandika mwongozo wa wizara, na mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee.

Pale chuo kinaposema “jarida la kimataifa” bila ufafanuzi, makala ya Kiswahili iliyochapishwa katika jarida liitwalo Kiswahili au liitwalo Mulika huweza kutazamwa kama ya hadhi ndogo, ingawa wataalamu wa lugha hiyo duniani huyasoma majarida hayo. Shinikizo la hesabu pia limewafungulia soko wachapishaji wanaotoza ada na kuchapisha bila upitiaji wa kweli. Wanaodhurika kwanza ni wahadhiri wachanga, wanaolipa kutoka mishahara midogo.

Mwelekeo wa kimataifa

Kwingineko duniani ulinzi wa kazi unaoambatana na cheo umepunguzwa. Nchini Uingereza sheria ya 1988 iliondoa ajira ya kudumu kwa wanataaluma walioajiriwa au kupandishwa kuanzia 20 Novemba 1987. Jimbo la Wisconsin nchini Marekani liliondoa ulinzi huo kwenye sheria zake mwaka 2015. Kwa upande mwingine kumetokea upinzani dhidi ya kupima watu kwa takwimu za majarida: Tamko la San Francisco la 2012, Ilani ya Leiden ya 2015, na maelekezo ya China ya 2020 yaliyopunguza uzito wa faharasa za kimataifa za machapisho. Afrika Mashariki iliimarisha hesabu ya alama katika muongo uleule ambao nchi nyingine zilianza kuitilia shaka.

Masuala ya kisera

Marekebisho ambayo vyuo vinaweza kuyafanya bila kusubiri Bunge yanajulikana. Muda wa kushughulikia jalada uandikwe, na chuo kiwajibike ukipita. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi pamoja na haki ya kukata rufaa kwa watu wasiohusika na uamuzi wa awali. Watathmini wa nje walipwe ipasavyo. Kamusi, miongozo, ubunifu na uandishi wa Kiswahili vipewe uzito wake kwa kusomwa na wajuzi wa fani. Tume za taifa zibaki na kazi ya kuweka kiwango cha chini na kukagua iwapo kinafuatwa, na hukumu juu ya thamani ya kazi ya mtu irudi kwa wanataaluma walioisoma, wakiitolea sababu zinazoweza kuhojiwa.