Mashine Iliyoandika Mapigo ya Moyo Haydom

Mtoto akizaliwa bila kulia, mkunga hana nafasi ya kushika kalamu. Amkaushe, amsugue mgongo, amsafishe njia ya hewa. Akiendelea kunyamaza, ambane barakoa usoni na kuminya mfuko wa hewa. Kazi hiyo inatakiwa ianze ndani ya dakika ya kwanza, ambayo wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Ndiyo maana dakika nzito kuliko zote katika faili la mtoto iliandikwa baadaye, kwa kukumbuka.

Mwaka 1953 Virginia Apgar, daktari wa Marekani, alitangaza alama 0 hadi 10 za kumpima mtoto mchanga kwa mapigo ya moyo, pumzi, rangi na uchangamfu. Kipimo chake kilienea duniani, ingawa kilitegemea macho na masikio ya aliyekuwapo. Miaka miwili baadaye Walutheri kutoka Norwei walifungua hospitali Haydom, wilayani Mbulu, ambayo hadi leo inapokea wazazi kutoka Mbulu, Hanang na wilaya jirani za Singida.

Mwaka 2009 wodi ya wazazi ya Haydom ilipata watu wa aina mpya. Walikuwa wasaidizi wa utafiti, wakipokezana zamu usiku na mchana, saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Hawakuzalisha, walitazama na kujaza fomu. Utafiti uliotokana na fomu hizo, ulioongozwa na Hege Ersdal wa Norwei na kuchapishwa 2012, ulionyesha kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kumpa mtoto hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu.

Takwimu hizo zilifichua jambo jingine lisilopendeza. Mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua yaliwafanya wakunga wafanye vizuri kwa mwanasesere, lakini hayakubadili kazi yao kwa watoto wenyewe. Hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Hata hivyo, mtazamaji hakuweza kuona kilichokuwa kikiendelea ndani ya barakoa. Je, hewa inafika mapafuni au inavujia pembeni? Moyo unaitikia? Mwaka 2013, chini ya mradi wa Safer Births, mashine za kampuni ya Laerdal ya Norwei zilianza kufungwa ukutani, juu ya meza za kuwahudumia watoto. Vihisio vilivyowekwa kifuani au tumboni vilisoma umeme wa moyo. Vingine, kwenye barakoa, vilipima shinikizo, mtiririko wa hewa na hewa ya ukaa inayotoka. Yote yaliingia kwenye kumbukumbu ya mashine bila mtu kuandika tarakimu hata moja.

Willem Einthoven, aliyeurekodi umeme wa moyo huko Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20, aliwatumbukiza wagonjwa wake mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Haydom vihisio vilikuwa vikavu, vya kubandikwa kwa sekunde chache. Baadaye kikatoka NeoBeat, kifaa kidogo kinachokumbatia kiwiliwili cha mtoto na kuonyesha mapigo papo hapo.

Kati ya 2021 na 2023 vifaa na mazoezi hayo vilipelekwa pamoja katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa 2025 katika New England Journal of Medicine yanaonyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baadaye vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Kumbukumbu za mashine zina thamani pale tu zinaporudi wodini na kumwonyesha mkunga afanye mazoezi ya nini wiki ijayo.